Hadhira Inayojibu: Historia ya Kufundisha Sanaa na Ubunifu Tarime na Serengeti

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, imelirudisha neno ubunifu midomoni mwa kila anayehusika na ualimu. Wakufunzi wanalisoma katika mihtasari, wanachuo wanaliandika katika maandalio ya somo, maofisa elimu wanalitaja kwenye semina. Somo la Sanaa na Michezo limepewa nafasi yake katika shule ya msingi, kwa hiyo chuo cha ualimu hakina budi kumwandaa mtu wa kulifundisha. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, mazungumzo mengi yanachukulia kwamba ubunifu ni mgeni aliyefika na mtaala, na kwamba mwanachuo wa Tarime au kijana wa Mugumu, Serengeti, anaanza na ukurasa mtupu. Historia ya wilaya hizi mbili za Mara inaikanusha dhana hiyo. Hapa, vijana wa umri ule ule wa wanachuo wa leo walifundishwa sanaa na fikra bunifu kwa vizazi vingi, kwa utaratibu uliokuwa na walimu wake, kanuni zake na mtihani wake. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya utaratibu huo ilitokana na hadhira: watu wenye ujuzi na haki ya kumjibu msanii papo hapo. Shule na vyuo, tangu ukoloni hadi leo, vilichukua nyimbo na ngoma vikazikaribisha ndani, lakini hadhira hiyo vikaiacha nje ya geti. Atakayetaka ubunifu urudi aanze kwa kuirudisha hadhira.

Chukua ritungu, ala ambayo Wakurya wa Tarime wanajulikana nayo kuliko nyingine yoyote. Fundi huchimba gogo hadi liwe bakuli lenye kina, akaliwamba ngozi ya ng'ombe ikiwa mbichi ili ikikauka ijikaze yenyewe, kisha akasimamisha miti miwili inayounganishwa kwa juu na mti wa tatu uliolala. Nyuzi nane hutoka chini, hupita juu ya daraja dogo lililokaa kwenye ngozi, na kufungwa kwenye mti wa juu kwa vitambaa vilivyozungushwa. Mpigaji akitaka kupandisha au kushusha sauti ya uzi, hukizungusha kitambaa chake kidogo kidogo, na kipimo chake ni sikio tu. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nyingi ni za nailoni. Sauti yake ni nzito, na wachezaji huijibu kwa miguu, wengine wakiwa wamevaa ibirandi, viatu vya magogo ambavyo kila kikitua hutoa mlio wake. Kijana aliyetaka kuijua kazi hii alikaa kando ya mpigaji mzoefu, akatazama vidole, akarudia mikong'osio ile ile mpaka mkono ukaizoea. Kubuni kulikuja baada ya kanuni kutulia mikononi.

Kilichofuata ndicho chenye uzito kwa mwalimu wa leo. Mpigaji ritungu hakupimwa na mwalimu wake. Alipimwa arusini, kwenye pombe ya wazee, au pale watu walipokutana baada ya mavuno. Huko alitakiwa kuyashona majina ya waliohudhuria ndani ya wimbo ambao mdundo wake wanaujua tayari, kuyataja matukio ya mwaka ule, kumsifu aliyetenda kwa ukarimu na kumchoma kwa maneno aliyeitia jamii aibu. Waliomsikiliza waliijua lugha kama yeye, waliwajua waliotajwa, na wengi wao walikuwa wamewasikia wapigaji wengine. Akipatia, walimtuza na kumwitikia. Akirudia maneno ya mwenzake, walimjua. Akikosea ukoo wa mtu, mwenye ukoo alikuwepo. Hapo kijana alijifunza mambo ambayo leo tunayaandika katika malengo ya somo kwa maneno makubwa: kufikiri haraka, kuunganisha vitu vilivyo mbalimbali, kupima ukweli wa jambo kabla ya kulitamka, na kubadili mwelekeo pale njia ya kwanza inapokataa. Alijifunza kwa sababu kushindwa kulikuwa na gharama iliyoonekana na kufaulu kulikuwa na malipo yaliyoonekana, na wote wawili, mtoa gharama na mtoa malipo, walielewa alichokuwa akijaribu kufanya.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni burudani, na kwamba fikra bunifu ya maana ni ile inayotatua matatizo makubwa. Basi na tuitazame Serengeti ya magharibi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye aliyakusanya masimulizi ya wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi, Ngoreme na majirani zao, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, jinsi mashambulizi ya Wamasai, njaa na maradhi yalivyoivunja nchi hiyo kati ya miaka ya 1850 na 1895. Ukoo, ambao ndio ulioshika ardhi na ulinzi, haukutosha tena, kwa maana ndugu walitawanyika. Waikoma, Wanata na Waishenyi waliitikia kwa kuunda mpangilio mpya. Walilichukua rika, ambalo awali lilikuwa njia ya kuwapanga vijana kwa umri wa kutahiriwa, wakaligeuza kuwa msingi wa makazi na ulinzi, kila mzunguko wa marika ukiwa na eneo lake: Abasaai, Abangirate na Abarumarancha. Kijana aliyepoteza ukoo alipata jamaa wa rika. Hawakuletewa mpango huo na serikali yoyote. Ulibuniwa na watu waliokuwa na kitu kinachojulikana mkononi na tatizo lisilojulikana mbele yao, na ukazungumzwa hadharani mpaka ukakubalika. Mtu akitaka mfano wa fikra bunifu wa kuwafundishia wanachuo, haimpasi kuvuka bahari kuutafuta.

Upande wa Tarime, marika na vizazi vilikuwa pia chuo kwa maana halisi ya neno hilo. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti kwa Wakurya katika miaka ya 1950, alionyesha jinsi jamii ilivyogawanyika katika mizunguko miwili ya vizazi, ule wa Abasai na ule wa Abachuma, na jinsi nafasi ya mtu ndani ya kizazi ilivyompa haki na wajibu wa kusema mbele ya watu fulani kwa namna fulani. Katika ritongo, mkutano wa wazi, hoja ilijengwa kwa methali, kwa historia ya koo na kwa mpangilio wa maneno ambao kijana aliusikia kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kuutumia. Kusema vizuri kulikuwa sanaa iliyofundishwa, na waliosikiliza walikuwa na uwezo wa kuikataa hoja. Tunarudi pale pale kwenye ngoma ya ritungu: umbo lenye kanuni, jambo la kweli la kuzungumzia, na watu wanaojibu.

Ukweli unatudai tuseme pia mipaka ya utaratibu huu, kwa sababu kuusifu kupita kiasi ni kuupotosha. Elimu ile haikuwa ya wote. Ufuaji chuma na ufinyanzi katika sehemu kubwa ya nchi hii ulishikwa na watu wa ukoo wa Waturi, na jamii nyingine ziliwawekea miiko ya kuoana nao. Maarifa yalilindwa, na aliyezaliwa nje ya ukoo hakuyafikia. Ritungu ilikuwa chombo cha wanaume. Wanawake walikuwa na sanaa zao, za shanga, vibuyu, vikapu na nyimbo, lakini milango ya mabaraza ya kuzungumzia mambo ya nchi haikuwafungukia. Mipaka hiyo inatupa sababu ya kukitaka chuo kiwepo: chuo kinaweza kuwafungulia binti na kijana wa ukoo wowote kile ambacho mila ilikifunga. Lakini ili kifanye hivyo ni lazima kwanza kijue ni kitu gani kilichofanya kazi ndani ya mila hiyo, kisije kikafungua mlango wa chumba kitupu.

Shule ilipofika ilikuja na hadhira nyingine. Wajerumani walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya Tarime hadi wilaya ya Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Na mapadre wa Maryknoll walifika mwaka 1946. Misheni zilileta kusoma, kuandika, hospitali na ufundi, na deni hilo haliwezi kukanwa. Ila kwa waongofu wengi ngoma iliwekwa upande wa mambo ya kuachwa, na pamoja na ngoma ikaachwa shule ya usanii iliyokuwa ndani yake. Ndani ya darasa kulikuwa na nyimbo za dini na kazi za mikono. Mwanafunzi alisuka, alichonga, alichora ua lililowekwa mezani, kisha kazi ikatazamwa na mwalimu na, mara moja moja, mkaguzi. Mkaguzi aliijua sheria ya shule, lakini hakujua kama kikapu kile kingemfaa mtu wa Nyabasi, wala hakukaa kijijini kuona kama kingedumu msimu mzima. Alama aliyotoa iliyamaliza mazungumzo.

Si kwamba wakoloni wote hawakuliona tatizo. Waraka wa sera ya elimu wa Uingereza wa mwaka 1925 ulitaka elimu ilingane na mazingira ya Waafrika, na huko Malangali, nyanda za juu kusini, W. B. Mumford aliendesha shule kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ambamo wazee wa vijijini waliitwa kufundisha ngoma na stadi za jadi. Lilikuwa jaribio lenye mwanga ndani yake, kwani lilimtambua mzee kama mwalimu. Kasoro yake ilikuwa kwamba mila ilihifadhiwa kwa amri ya mgeni, chini ya utawala uliotaka kijana abaki alipo, na ule uwezo wa kijana kuibadili mila mbele ya watu wake haukuwa sehemu ya mpango. Huko Makerere, Uganda, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 na kazi yake ikazaa shule ya sanaa ya chuo kikuu ya kwanza katika Afrika Mashariki. Sam Ntiro, Mtanganyika aliyesoma na baadaye kufundisha hapo, alichora maisha ya Kilimanjaro alikozaliwa, na baada ya uhuru akawa balozi London, akaongoza masuala ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makerere ilithibitisha kwamba sanaa inaweza kuwa somo la chuo kwa Mwafrika. Lakini picha nyingi za shule ile zilipata wanunuzi na wahakiki mbali na vijiji vilivyochorwa.

Julius Nyerere wa Butiama, jirani wa wilaya hizi, alisomea ualimu Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945. Alipoapishwa kuwa Rais Desemba 1962 alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi walifundishwa kuona ngoma za wengine kuwa bora kuliko zao. Maneno yale yalifungua milango: kikundi cha ngoma cha taifa kilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na shule na vyuo vikaanza kuwa na vikundi vya utamaduni. Kisha likaja Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote mwaka 1967. Nyerere aliwaomba washairi wayapeleke mawazo ya Azimio kwa wananchi, na ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliipa umbo na heshima, ikaenea shuleni na vyuoni nchi nzima. Kwa mara ya kwanza tangu ukoloni, sanaa ya Kiafrika ilikuwa na nafasi rasmi ndani ya uwanja wa shule. Hilo ni jambo kubwa na waliolipigania wanastahili heshima.

Pamoja na heshima hiyo, tutazame nani alikuwa amekaa mbele ya wasanii. Alikuwa mgeni rasmi. Ngonjera ilitungwa na mwalimu, ikakaririwa na wanafunzi, ikasomwa siku ya maadhimisho au Mwenge ulipopita, na ujumbe wake ulikuwa umekwisha amuliwa kabla ya kalamu kuguswa. Mgeni rasmi hakuweza kuukataa, kwa kuwa ulikuwa ujumbe wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupiga makofi na kutoa nasaha. Ngoma ya ritungu nayo ikafupishwa ikawa ya dakika kumi, yenye mavazi ya kufanana, ikiwa na wimbo mmoja wa kumkaribisha mkubwa. Ala ni ile ile na mirindimo ni ile ile, ila lile kosa linaloweza kumfundisha kijana haliwezi kutokea, kwa maana hakuna anayesikiliza kwa ajili ya kulitafuta. Mashindano ya UMISAVUTA ya vyuo vya ualimu yamefanya kazi njema ya kuwakutanisha wanachuo na kuibua vipaji, na majaji wake wanasikiliza kwa makini. Lakini mashindano ni siku chache kwa mwaka, na hayawezi kubeba peke yake mzigo uliobebwa zamani na kila arusi na kila ritongo.

Mwaka 1974 mkoa huu ulitoa jina la mji wake kwa uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya elimu yetu. Azimio la Musoma la Novemba mwaka ule liliamua kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa kasi hiyo. Serikali ilibuni njia: vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini, kwa vijitabu, redio na usimamizi wa waratibu, huku wakifundisha. Kuanzia mwaka 1976 hadi miaka ya mwanzo ya 1980, zaidi ya watu 40,000 waliandikishwa katika mpango huo. Bila wao, mtoto wa Machochwe au Nyamwaga asingepata darasa. Kwa upande wa sanaa, hata hivyo, gharama ilikuwa kubwa. Hesabu inaweza kusafiri ndani ya kijitabu, historia nayo inaweza; udongo unavyoshikwa, rangi inavyochanganywa, na namna ya kuitazama kazi ya mwanafunzi na kuiuliza swali, hivyo vinahitaji mtu akae na mtu. Kizazi kizima cha walimu kikaingia kazini bila kuwahi kupitia mikononi mwa mkufunzi wa sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sanaa na muziki zilipounganishwa ndani ya Stadi za Kazi, walimu wengi hawakuona kilichopungua, kwani hawakuwahi kupewa kitu cha kulinganisha.

Vyuo vilivyobaki na mwenge wa sanaa vilikuwa vichache. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kilijulikana kwa kuwaandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo, na Kanda ya Ziwa ilikitegemea. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na sasa ni taasisi, TaSUBa, lakini kiko pwani na lengo lake ni wasanii. Mwalimu wa shule ya msingi wa Mara huandaliwa katika vyuo kama kile cha Tarime, na huko sanaa humfikia zaidi kupitia zana za kufundishia. Hapa nataka tutazame kwa karibu. Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hukata karatasi ya manila, akachora moyo wa binadamu au mzunguko wa maji, akapaka rangi, akaandika majina kwa herufi kubwa. Hukusanya vifuniko vya soda vya kuhesabia, mabua ya mahindi, udongo. Mkufunzi huja kukaa nyuma ya darasa, hutazama kama zana ipo na inaonekana, hujaza fomu. Mara nyingi mchoro umenakiliwa kutoka kitabuni, kwa sababu fomu huuliza kama zana ipo. Haimwulizi mtoto wa dawati la mwisho alielewa nini alipoitazama. Laiti watoto wenyewe wangeruhusiwa kuijibu zana ile, kusema wapi inawachanganya, na mwanachuo akapewa wiki ya kuitengeneza upya, kingekuwa kipindi halisi cha sanaa na fikra bunifu, kwa bei ile ile ya manila.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba mila kwa asili yake hurudia ya jana, kwa hiyo haiwezi kuwa mwalimu wa ubunifu. Ushahidi tuliokwisha uona unalijibu. Watu waliogeuza rika kuwa nchi, na wapigaji waliohama kutoka mishipa ya ng'ombe kwenda nailoni bila kupoteza sauti, si watu wa kurudia tu. Mila iliweka kanuni kali, na ukali huo ulimpa msikilizaji uwezo wa kutambua jambo jipya lilipotokea, kwani asiyejua wimbo wa kawaida hawezi kujua kwamba huu umebadilishwa. Hata katika uchoraji wa kisasa tunaona vivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akawafundisha jamaa zake kwa kuwakalisha kando yake, na baada ya kifo chake mwaka 1972 wanafunzi wale waliendeleza mtindo huo hadi wanyama wa mbuga wakajulikana duniani kwa mkono wao. Umbo lenye kanuni halikuwazuia. Inauma tu kwamba taswira ya Serengeti inayouzwa kwa watalii imechorwa mbali sana na Mugumu na Robanda, ilhali vijana wanaoishi na nyumbu na tembo mlangoni hawajapata mahali pa kufundishwa kuchora wanachokijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halipaswi kupitiwa juu juu. Marika ya Tarime na Serengeti yalifungwa pamoja na tohara, na kwa wasichana hiyo ilimaanisha ukeketaji, ukatili ambao Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18 na ambao bado unawakimbiza mabinti kutoka makwao kila Desemba ya msimu wa ukeketaji inapowadia. Je, kusifia elimu ya jadi hakumpi ngariba hoja? Jibu limekwisha tolewa na watu wa huko huko. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, huwapokea wasichana msimu huo, huwafundisha, na hufanya mahafali ya kuwavusha utotoni bila wembe, kwa nyimbo, ngoma, michezo ya kuigiza na wazazi kualikwa kushuhudia. Mugumu, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 kwa kazi kama hiyo. Walioendesha mahafali hayo walitambua kwamba sherehe ina umbo na ina kitendo, na kwamba kitendo kinaweza kung'olewa na umbo likabaki, mradi jamii iwepo kuona na kukubali. Ni ubunifu wa daraja la juu, umefanywa mbele ya hadhira ngumu kuliko zote, ile ya baba na mama wanaopima kama binti yao ameheshimiwa. Mwanachuo wa ualimu atakayekwenda kufundisha Tarime anastahili kuusoma kama somo, kwani atakutana na wasichana hao darasani.

Pingamizi la tatu huletwa na watu wema wanaotazama bajeti: madarasa yamejaa, sayansi na hesabu ziko nyuma, vijana hawana ajira, sanaa isubiri. Wanaosema hivi wanadhani sanaa ni kipindi kinachonyang'anya kingine muda. Mwalimu wa msingi anayejua kuchora ubaoni mkato wa mmea na kuufuta na kuuchora tena kwa namna nyingine baada ya kuona nyuso zimekunjamana anafundisha sayansi vizuri zaidi, na darasa lililojaa linamhitaji mwalimu huyo kuliko darasa dogo. Tena kuna kazi za vitendo zinazoonyesha kwamba kuchora ni kufikiri. Tangu mwaka 2015, mradi wa Crowd2Map umewashirikisha wakazi wa vijijini, vijana wakiwemo, kuchora ramani za maeneo ambayo hayakuwa na ramani nzuri, na sababu iliyouanzisha ilikuwa kuwafikia wasichana wa Serengeti waliokuwa hatarini kukeketwa. Anayechora ramani ya kijiji chake anaamua kipi kiwekwe na kipi kiachwe, anaulizwa na majirani kwa nini kisima kiko upande ule, anarekebisha. Kosa lake linaweza kumpoteza mwokoaji usiku. Hadhira inayojibu imerudi, safari hii ikiwa na simu mkononi.

Kutokana na historia hii, mambo ya kufanya hayahitaji kungoja fedha kubwa. Chuo cha ualimu kinaweza kumwalika mpigaji ritungu akae muhula mzima kama mwalimu mwenye mamlaka ya kusema kazi hii haijafika, badala ya kumwita siku ya mahafali kutumbuiza. Kinaweza kuwataka wanachuo wapeleke zana, nyimbo na michezo yao ya kuigiza kijijini, mbele ya wazazi, mafundi na watoto, na kuandika walichoambiwa na walichobadilisha. Na alama zitolewe kwa mabadiliko hayo. Kinaweza kuyaweka masimulizi ya Ikoma, Nata na Ngoreme, ambayo Shetler aliyachapisha mwaka 2003 katika mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, kwenye meza ya maktaba karibu na vitabu vya mbinu za kufundishia. Binti apewe ritungu, na kijana asiye wa Waturi apewe udongo. Mkufunzi apewe fomu yenye swali moja la ziada: watoto walisema nini? Wakufunzi wa Tarime na wa vyuo vingine vya Mara, ninyi mnao watu wanaojua kusikiliza ng'ambo tu ya uzio. Fungueni geti, waingie, wawajibu wanafunzi wenu.